Eti kasa anajua kuogelea!!!

Mvuvi_Mtongwe: Jamani, nimetoka kwenye kile kikao cha uvuvi cha Nyali sasa hivi, niko foleni ya feri na mikono inatetemeka. Yule bwana mnamjua. Yule ambaye tumbo hufika kikaoni kabla yake. Nikainuka kwa adabu zangu zote, nikauliza zile meli za kuvua kamba, wale uduvi wakubwa, kwenye ghuba ya Ungwana, zikimzoa kasa inakuwaje. Akatafuna sambusa, akameza, akasema: "Mzee wangu, kasa anajua kuogelea."

ANAJUA KUOGELEA! Na ukumbi mzima ukacheka!

Yakhe, mimi nimefanya kazi kwenye meli hizo kabla hazijasimamishwa 2006. Wavu waburutwa chini masaa mawili, matatu, na kasa avuta pumzi kama mimi na wewe. Kuna mmoja tulimpandisha, shingo imelegea kama soksi iliyolowa, uzi umemkata mkononi hadi kweupe. Alijua kuogelea huyo! Ndiyo maana wavu hutiwa ile fremu ya vyuma, kamba wapite, kasa atokee tundu lake. Nikamwambia. Akasema kasa ni wa ufuoni, maji makuu hawako. Kitoto cha kasa kikishaanguliwa hukimbilia wapi, Marikiti?

Sambusa ya tatu ile, wallahi. Nilihesabu.

Kapteni_Mstaafu: Atiwe yeye wavuni masaa matatu. Hazami huyo, ataelea kama boya 😂

Shombo_Tupu: Mzee, sema ukweli, uchungu ni wa kasa au wa sambusa?

Mvuvi_Mtongwe: Sikupata hata moja. Lakini si hoja. ANAJUA KUOGELEA!

Ngalawa7: 2011 si meli zilirudishwa kwa masharti? Usiku marufuku, ndani ya maili tatu kutoka ufuoni marufuku. Mimi jarife langu, wavu wangu wa kutega, lilikatwa usiku na taa nikaziona. Kasa ana watetezi, jarife langu je?

Ringneti_Zife: Mwalia na meli, njooni Vanga muone ringneti, nyavu kubwa za kuzungushia samaki.

Mama_Samaki: Nyote kimya. Kilo ya kamba mwaniuzia kama dhahabu, nusu yake barafu.

Ngalawa7: Barafu si yetu dada, ni ya madalali.

Mama_Samaki: Dalali ni shemeji yako, wacha.

Shombo_Tupu: 😂😂😂

Mvuvi_Mtongwe: Jamani, mada ni kasa.

Kapteni_Mstaafu: Mzee, foleni yaenda huko? Nina magunia mawili ya nazi.