Mfalme wa miaka mitano ana haja gani ya kutawazwa kwa shangwe?

Nahodha Mstaafu
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanisumbua tangu nilipoitazama sherehe ya Kuala Lumpur ya Julai 20, 2024. Wenzetu wa Malaysia wana wafalme tisa wa kurithi, kila mmoja na jimbo lake, na kila miaka mitano hukaa faragha wakamchagua mmoja wao awe mfalme wa nchi nzima, Yang di-Pertuan Agong. Sultan Ibrahim wa Johor alikula kiapo Januari 31 mwaka huohuo na kazi akaanza. Karibu miezi sita baadaye ndipo akatawazwa kwa ngoma, zumari, mizinga na wageni kutoka ng'ambo. Sasa kama mtu ameshaapa na anasaini sheria, hii sherehe ya pili ni ya nini? Na ikifika 2029 wanaanza upya kwa mwingine. Kwa maoni yangu kiapo kinatosha. Tujadili bila matusi.

Kaniki Nyeusi
Mkuu umeuliza kwa adabu, mimi nasema wazi. Ule si ufalme, ni upatu. Leo kapokea Johor, kesho Perak, keshokutwa mzunguko unarudi Negeri Sembilan walikoanzia 1957. Tofauti ni kwamba upatu wa kina mama kila mmoja anaweka chake, huu anayeweka ni mlipa kodi peke yake. Wafalme wa maonyesho tu hao.

Bint Gombak
Kaka Kaniki, nimesoma Gombak, kulekule Malaysia, nimeishi na wale watu, na hilo neno "maonyesho" limeniuma. Unajua wanavyochaguana? Wanaopiga kura ni wafalme tisa tu, magavana wa majimbo manne yasiyo na sultani hawamo. Karatasi zina jina moja tu, la yule ambaye zamu imemfikia, na kila mfalme anasema anafaa au hafai. Lazima apate kura tano. Kura ni ya siri, na karatasi zinaharibiwa mbele yao wakishamaliza. Asipofaa wanasonga kwa wa pili. Mwaka 1957 wenyewe waliokuwa juu kwa umri wa utawala walipitwa: Sultan wa Johor wa wakati ule alikataa kwa uzee, wa Pahang hakupata kura, ndipo akapatikana Tuanku Abdul Rahman wa Negeri Sembilan, ambaye picha yake iko kwenye noti zao hadi leo. Upatu gani huo ambao zamu yako ikifika wenzako wanaweza kukuruka?

Na kuhusu sherehe. Mtu asiyeiona kwa utulivu anadhani ni dhahabu tu. Mfalme hana taji. Anavaa kitambaa cheusi kilichotariziwa, kimefungwa kwa mtindo wa Negeri Sembilan kwa heshima ya yule wa kwanza, na mbele kina nyota na mwezi mwandamo. Analetewa Msahafu kwanza. Kisha analetewa kris ndefu ya kifalme, yaani jambia lao, anaichomoa, anaibusu, anairudisha alani. Waziri Mkuu ndiye anayesoma tangazo la kumtawaza, yaani mtu aliyepigiwa kura na wananchi anasimama mbele ya mtu aliyepigiwa kura na wafalme, na wote wawili wanasikika na nchi nzima. Halafu ukumbi unaitika "Daulat Tuanku" mara tatu. Wageni wote wamekatazwa kuvaa njano kwa sababu ndiyo rangi ya kifalme. Wafalme wenzake wapo palepale wanashuhudia. Mimi hapo naona nyumba tisa zilizokuwa na bendera zao na historia zao zinakubali mbele ya watu kwamba kwa miaka mitano huyu yuko mbele yetu. Kiapo cha Januari ni cha sheria. Sherehe ya Julai ni ya kuonana macho.

Na faida yake inaonekana kwenye mambo ya kila siku. Hata mwandamo wa mwezi kule unatangazwa na Mtunza Muhuri wa Wafalme kwenye televisheni, baada ya wafalme kuridhia, na nchi nzima inafunga siku moja. Hakuna ugomvi.

Ssebo wa Jinja
Sisi Uganda tuliwahi kujaribu kitu cha jamaa moja na hicho. 1963 ilipangwa kwamba Rais atoke miongoni mwa wafalme na wakuu wa kikatiba wa wilaya, akachaguliwa Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, na makamu wake akawa Kyabazinga, mtawala wa Busoga. Haikufika mbali, 1966 jeshi likaingia Mengo, kwenye kasri la Kabaka. Malaysia wamefanikiwa kwa sababu hakuna nyumba moja kubwa kuliko nyingine zote. Buganda ilikuwa kubwa mno, wengine wakaona wamewekewa bwana.

Doha Usiku
Ssebo umesema kweli tupu. Hapa Ghuba, Imarati nao wana watawala saba wanaomchagua Rais kila miaka mitano, na tangu 1971 ametoka Abu Dhabi bila kukosa. Ule wa Malaysia ndio mzunguko wa kweli. Halafu mmeliona lile vazi jeusi lenye nyuzi za dhahabu alilovaa siku ya kutawazwa? Linaitwa Muskat, asili yake mavazi ya watawala wa Oman. Ndugu zetu wa pwani mkilitazama mtaona kitu mnachokijua.

Mkwezi wa Tanga
Kumbe joho letu limefika mpaka Kuala Lumpur! Na zile zumari na baragumu za ile bendi ya kifalme wanayoiita nobat, Kedah na Perak wanayo, hazina tofauti kubwa na heshima tuliyoipa siwa. Siwa ya Pate ya pembe za ndovu, ya Lamu ya shaba, haipulizwi hovyo. Watu wa pwani tulikuwa na mambo haya haya.

Kaniki Nyeusi
Joho "letu"? Lilikuwa letu lini? Lilikuwa la aliyekaa barazani, babu yangu alikuwa shambani kwenye karafuu. Usinipakazie ufalme, Mkwezi.

Mnisikilize basi kwenye lililo kubwa. Hadi 1993 wafalme hao walikuwa hawashtakiwi. Ndiyo, hakuna mahakama ingewagusa kwa jambo lolote walilofanya binafsi. Ikabidi Bunge libadilishe katiba, ikaundwa Mahakama Maalumu ya kuwasikiliza wao tu. Kwa hiyo msiniambie habari za kris kubusiwa. Kitu kilichowafanya wawe wafalme wa heshima ni sheria iliyosema hata wewe unaweza kuitwa ujibu. Hilo ndilo lingefaa kusomwa ukumbini siku ya kutawazwa.

Mvita Mjini
Dada Bint Gombak, nakuheshimu, lakini umesema "hakuna ugomvi" kana kwamba sisi tunaogombana kuhusu mwezi tuna maradhi. Mwezi haushushwi na mfalme. Tumeambiwa fungeni kwa kuuona na fungueni kwa kuuona. Mtume hakusema fungeni kwa muhuri.

Mkwezi wa Tanga
Hapo dada umegusa donda. Mwaka fulani nyumba yetu moja tulikula Idi siku mbili. Mama mkubwa ghorofa ya juu anapika biriani, baba chini bado amefunga, na mtoto hajui aende wapi. Mimi nampa mkono anayesema awepo mtu mmoja mwenye neno la mwisho, awe mfalme awe nani.

Mvita Mjini
Mkwezi, mtu mmoja tunaye. Kenya tuna Kadhi Mkuu, yumo kwenye katiba. Bara mna Mufti. Tatizo ni watu kusikiliza redio ya nchi nyingine.

Bint Gombak
Sheikh Mvita, sikusema mfalme anaushusha mwezi. Hawatangazi kwa kujisikia. Malaysia, Indonesia, Brunei na Singapore wamekubaliana kipimo: mwezi uwe umeinuka nyuzi 3 juu ya upeo wakati jua linazama, na umbali wake kutoka kwenye jua uwe nyuzi 6.4. Wanatoka pia kutazama. 2022 kalenda ilikuwa imechapishwa kwamba Idi ni Mei 3, watu wamejipanga kusafiri siku ya mwisho. Usiku wa Mei 1 Mtunza Muhuri akasimama, akasema kesho ni Idi. Marafiki zangu walikuwa hawajakata hata kuku. Lakini asubuhi kila msikiti ulikuwa umejaa, hakuna aliyesema mimi nangoja yangu. Hilo ndilo ninalolisifu. Neno lenyewe halikuwatosha, ilikuwa ni nani kalisema na kwa jina la nani.

Nahodha Mstaafu
Ndugu zangu, kabla hatujazama kabisa kwenye mwezi. Bint Gombak anasema sherehe ya Julai ndiyo ya kuonana macho. Vizuri. Lakini Sultan Hisamuddin wa Selangor alichaguliwa 1960, akaanza kazi, na akafariki Septemba 1, siku ileile aliyokuwa atawazwe. Hakuketi kwenye hicho kiti kwa sherehe. Na hadi leo anahesabiwa kuwa Agong wa pili, hakuna anayempunguzia. Kama mtu anaweza kuwa mfalme kamili bila kutawazwa, basi kutawazwa hakumfanyi mfalme. Naomba nijibiwe hapo.

Mvita Mjini
Nyuzi 3 kwa nchi zilizoko kule mashariki. Sisi jua linazama kwetu masaa mengi baadaye, mwezi umeshakua. Mwezi wao haunihusu, na sisemi kwa ubaya.

Doha Usiku
Mvita, na mwezi wa Ghuba je? Maana nusu ya Mombasa najua wanaufuata.

Mvita Mjini
Wanaoufuata wajibu wenyewe. Mimi nimezaliwa Mvita na babu zangu walikuwa wakitoka ufukweni kuutazama, mtu akiuona anakwenda kutoa ushahidi kwa kadhi. Mnataka niache hilo nikasikilize hotuba ya televisheni?

Kaniki Nyeusi
Sijajibiwa kuhusu 1993 na Mahodha hajajibiwa kuhusu 1960. Mnabishana mwezi.

Ssebo wa Jinja
Nahodha, si Mahodha. Na mimi nitajaribu. Kaniki, hiyo 1993 inamuunga mkono dada kuliko wewe. Nchi iliwapunguzia wafalme kinga yao na bado ikaendelea kuwatawaza. Hawakuwafukuza. Kwetu 1967 falme zilifutwa zote kwa mkupuo, tukazirudisha 1993, na hadi leo hatujapatana mfalme ana kazi gani. Wao walikata walichoona kinaumiza na kuacha kinachowaunganisha.

Kaniki Nyeusi
Kinawaunganisha au kinawatawala? Februari 2020 serikali ilipoanguka, Agong aliwaita wabunge ikulu mmoja mmoja awaulize wanamtaka nani. 2022 uchaguzi haukumpa mtu wingi, ni yeye aliyemtangaza Anwar Ibrahim Novemba 24. Msiseme ni mtu wa kubusu kris tu. Mtu asiyechaguliwa na mwananchi hata mmoja ndiye anayeamua nani awe Waziri Mkuu. Mnaliona hilo dogo?

Bint Gombak
Sasa kaka chagua moja. Mwanzo ulisema ni maonyesho, sasa unasema ana nguvu kupita kiasi. Mimi nasimama hapa: kwa kuwa ana nguvu siku zile mambo yanapokwama, ndiyo maana anatakiwa atawazwe mbele ya wafalme wenzake wanane na Waziri Mkuu, aonekane amepokea amana ya muda. Sultan Abdullah wa Pahang, Agong wa wakati ule, alipoamua 2022 watu wakatulia. Wangeweza kwenda barabarani. Walikuwa wanamfahamu, walishamwona akiapa. Na akimaliza miaka mitano anarudi Pahang kwake, mwingine anaingia. Hata Sultan Muhammad V wa Kelantan alipojiuzulu Januari 2019, wa kwanza kufanya hivyo, mwezi ule ule walikuwa wamepata mwingine na hakuna kioo kilichovunjika.

Na Nahodha, Sultan Hisamuddin anahesabiwa kwa sababu wenzake walimchagua. Kuchaguliwa ndiko kunakomfanya mfalme, nakupa hilo. Kutawazwa ni haki ya watu kumwona. Yeye alifariki kabla ya kuwapa haki hiyo, na wale watu walilia siku ambayo walijiandaa kushangilia.

Nahodha Mstaafu
Hapo nimekuelewa dada, ingawa gharama bado inanikaa kooni. Ila hebu niambie, huyo Mtunza Muhuri anateuliwa na nani? Maana naona ndiye mwenye kazi ngumu kuliko Agong mwenyewe.

Bint Gombak
Na Baraza la Wafalme lenyewe. Ndiye katibu wao. Hata kura ile ya kumchagua Agong anaisimamia yeye.

Mkwezi wa Tanga
Basi na sisi tutafute Mtunza Muhuri wetu wa Afrika Mashariki nzima. Kadhi Mkuu, Mufti wa Bara, Mufti wa Unguja, wa Uganda, wakae chumba kimoja usiku wa tarehe 29, watoke na neno moja. Zamu ya kutangaza iwe ya kuzunguka, mwaka huu Mombasa, mwakani Unguja.

Kaniki Nyeusi
Mkwezi ndiyo kwanza unaanzisha upatu mwingine.

Mvita Mjini
Wakae wakitaka. Mwaka itakapokuwa zamu ya Kampala na hawajauona, na sisi tumeuona kwa macho yetu Mombasa, mimi sifungi na Kampala. Nimeshasema.

Ssebo wa Jinja
Kampala imekukosea nini sasa?