Naomba ushauri: tumeitwa kutumika chuo cha kanisa Uganda, mke wangu aache kazi ya serikali?

Habari zenu wapendwa. Sisi ni Waanglikana wa hapa Dodoma, mimi na wife tumeombwa kwenda kutumika Uganda Christian University pale Mukono, kile chuo cha Kanisa la Uganda kilichoanza 1997 kutokana na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker. Mimi nitafundisha, yeye atakuwa na wanafunzi kwenye ushauri na maombi, na sio mwaka mmoja jamani, wanataka watu wa kukaa.

Wito tunao na tumeuombea sana, hapo sina shida. Shida ni kwamba wife ni nesi wa serikali, ana michango yake PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), na huko hakuna mshahara, ni posho inayochangwa na makanisa ya huku, na tunajua michango ya watu mwaka wa kwanza inakuja vizuri halafu inapungua. Pia mama yangu tunaishi naye, dawa za presha ni sisi.

Waliowahi kwenda kutumika nje kama mke na mume, mlifanyaje kuhusu kazi na pensheni? Aombe likizo bila malipo kwanza au aache moja kwa moja? Na wazazi mliwaacha na nani?