Mwendesha mchezo anabadilisha kanuni za kukaba katikati ya pambano

Wakuu, nimetoka mezani tangu jana usiku na hasira hazijaisha. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, na siku ya kwanza kabisa tulikubaliana tunafuata kitabu cha kanuni cha 2014, si kile kipya cha 2024. Mhusika wangu ni barbari (mpiganaji wa ghadhabu) wa ngazi ya 5, nguvu 18, inayompa nyongeza ya 4 kwenye dadu. Nimemjenga kwa kazi moja tu: kukaba, yaani kumshika adui asisogee.

Jana tukavamiwa na zimwi. Nikapandisha ghadhabu, nikaachia shoka mkono mmoja, nikasema nalikaba. Mwendeshaji akaniambia nirushe kwanza dadu ya shambulio, tuone kama nafikia kinga yake (namba ya kufikia ili pigo limpate), ndipo tushindane nguvu. Hiyo ameitoa wapi? Kukaba kwa kanuni za 2014 ni mashindano moja kwa moja: mimi narusha dadu ya pande 20 najumlisha uwezo wangu wa mieleka, yeye anarusha yake kwa mieleka au wepesi, mwenye kubwa ameshinda. Kinga haihusiki hata kidogo. Nakubali kitabu chenyewe kinachanganya, maana kinaita jambo hili "shambulio" halafu hakuna dadu ya shambulio. Lakini aya inayofuata inaeleza wazi, na nilimfungulia ukurasa akausoma.

Basi nikarusha, mara mbili nikichukua kubwa kwa sababu ya ghadhabu, nikapata 16, jumlisha 7 yangu ya mieleka ni 23. Zimwi likapata 17. Nimelikaba. Nikataka kulisukuma lianguke, akasema zamu yangu imekwisha. Imekwishaje? Ngazi ya 5 napiga mara mbili, na kukaba kunakula pigo moja tu! Tukabishana dakika ishirini, akakubali kwa shingo upande, nikaliangusha.

Zamu ya zimwi ikafika, likainuka. Wakuu, aliyekabwa mwendo wake ni sifuri, na kuinuka kunagharimu nusu ya mwendo wako. Huna mwendo, huinuki. Raha yote ya kukaba na kuangusha iko hapo: adui amelala, wenzako wa karibu wanampiga kwa dadu mbili wakichukua kubwa. Akaifuta kwa neno moja, eti "zimwi lina nguvu sana."

Kilichonichoma hasa kilikuja baadaye. Uhai umebaki kidogo, narudi nyuma, zimwi likatumia lile pigo la kumwahi anayekimbia, likanikaba. Kwa 2014 haiwezekani, kwa sababu kukaba kunahitaji kitendo cha kushambulia na pigo lile silo. Mwenzetu alijaribu hivyo hivyo mwezi uliopita, mwendeshaji huyu huyu akamkatalia. Nikakabwa, kisha akaniambia nikimpiga mwingine asiye zimwi narusha dadu mbili nachukua ndogo. Hiyo ni ya 2024!

Sina ugomvi na 2024. Tukihamia huko, zimwi likinikaba narusha dadu ya kujiokoa nifikishe 14, nami nikilikaba linarusha lifikishe 15, yaani 8 na nyongeza yangu ya nguvu 4 na ya ujuzi 3. Sawa kwa wote. Ila haiwezekani mimi nibanwe na 2014 na zimwi lake lichague mwaka linaoutaka.

Jumamosi tunakutana tena, na barbari wangu bado yuko mikononi mwa zimwi. Sirushi dadu mpaka aseme mbele ya meza nzima tunafuata kitabu kipi. Waendeshaji mlioko humu, meza zenu mmelimalizaje hili?