Naomba ushauri: sarafu ya fedha ya Kirumi yenye tai wa jeshi

Mtoka_Mbali: Wakuu, salaam. Ninaishi Uingereza na nina sarafu ya fedha yenye merikebu ya makasia upande mmoja, na upande wa pili tai kati ya bendera mbili za vita pamoja na herufi LEG. Mnunuzi amejitokeza. Je, ni halisi, na niuze kwa bei gani?

Mzee_wa_Sarafu: Hiyo ni dinari ya Marcus Antonius, jemadari wa Kirumi, iliyofuliwa mwaka 32 hadi 31 K.K. ili kuwalipa askari wake kabla ya vita vya Actium, huko Ugiriki. Namba inayofuata LEG ni ya lejioni, yaani kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, na tai ndiye alama yake; kumpoteza vitani ilikuwa aibu kubwa. Umeipata wapi?

Binti_Pangani: Babu yetu alituachia rupia za Wajerumani zenye sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya kijeshi yenye tai kileleni. Tuliziuza kwa haraka, na hadi leo ndugu hawasemezani. Usikimbilie pesa, mwanangu.

Mtoka_Mbali: Nitazingatia, mama. Ila bei?

Mzee_wa_Sarafu: Hujajibu.

Mtoka_Mbali: Ziko tano. Nilizikuta nikichimba mtaro katika shamba la mwajiri wangu, ambaye hakuwahi kujua kama zipo. Jasho ni langu, na malipo ya awali nimeshapokea.

Msema_Kweli: Kisa hiki kimetungwa. Antonius alitawala mashariki mwa dola la Kirumi, na Warumi waliivamia Uingereza kuiteka mwaka 43 B.K., yeye akiwa amekufa zamani. Zilifikaje huko?

Mzee_wa_Sarafu: Zilifika kwa sababu hazikuwa fedha safi. Watu walificha dinari bora wakatumia hizi zilizochanganywa shaba, zikazunguka hadi karne ya 3 B.K. Ningetilia shaka kama zingekuwa hazijachakaa.

Mtoka_Mbali: Zimechakaa, katika mbili makasia hayaonekani kabisa. Nafikiri niuze moja, nne nizitolee taarifa.

Mzee_wa_Sarafu: Hapana. Kwa sheria ya hazina ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi za fedha zenye umri unaozidi miaka 300, zikipatikana pamoja, ni hazina, na taarifa hutolewa ndani ya siku 14. Anayekaidi anaweza kufungwa hadi miezi mitatu. Jumba la makumbusho likizichukua, hulipa zawadi ambayo kwa kawaida mvumbuzi na mwenye shamba hugawana. Mrudishie mnunuzi pesa zake, zungumza na mwajiri leo, wala usizisugue.