Wenye kwadi Lubumbashi, miguu ya vijana wetu si ya kuzuilia rampu!

Habari zenu wakubwa na wadogo. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na asije mtu kuniambia nitulie. Kijana anayejifunza ufundi kwangu, hapa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, amelazwa hospitali, mfupa wa muundi umevunjika. Hakugongwa na gari wala hakuanguka. Patron mmoja mwenye shamba upande wa barabara ya Kipushi alikuwa anapandisha kwadi yake, ile pikipiki ya magurudumu manne, kwenye pikapu, akamwita aje kuzuia rampu, vile vipande viwili vinavyoegemezwa mlangoni ili ipandie.

"Kadogo, weka mguu hapo isiteleze."

Ndivyo alivyoambiwa, na yeye kwa heshima akaweka.

Sasa nisikilizeni, maana naona mjini humu kila mtu anafanya hivyo hivyo. Rampu haichomoki kwa sababu ni nyepesi. Inasukumwa. Magurudumu ya mbele yakishaingia kwenye bodi ya pikapu, ya nyuma yanabaki kwenye rampu, na kila yanapozunguka kuipeleka kwadi mbele yanaisukuma rampu irudi nyuma. Bonyeza mafuta kwa pupa na ulimi wa rampu unatoka kwenye mlango wa pikapu. Nimekwenda kuuangalia ule mlango. Rangi imekwanguliwa michirizi miwili mpaka ukingoni, bati linang'aa. Kwadi ya kilo zaidi ya 300 na mtu mzima juu yake, halafu mnataka mguu wa mtoto wa watu uzuie! Aliyesimama nyuma ndiye anayeipokea rampu ikichomoka, na kwadi ikirudi kinyumenyume ni yeye tena.

Kinachozuia ni mikanda yenye kikazio. Unaifunga kutoka kichwa cha kila rampu mpaka kwenye chesisi au kwenye ndoano ya kuvutia trela. Usiifunge kwenye bampa ya plastiki. Unakaza mpaka rampu haina pa kwenda. Ni kazi ya dakika chache tu.

Nikaenda dukani zilikonunuliwa rampu hizo. Duka ni kubwa, liko mjini kabisa, silitaji. Rampu za alumini zimepangwa mlangoni, nzuri kwa macho, mikanda hakuna. Nauliza, najibiwa: "Fundi, mikanda ina bei yake, na imeisha. Watu wanatumia kamba." Kamba gani? Ile ya nailoni ya kufungia magunia ya makaa, ambayo ukiivuta inarefuka? Kwenye kibandiko cha rampu imeandikwa kilo 340, na muuzaji hajui kama ni kwa rampu moja au kwa zote mbili. Nikainama nikasoma mwenyewe maandishi madogo ya chini: ni kwa jozi. Haya tupige hesabu. Kwadi ya kazi kilo 320, aliyeikalia kilo 75, bidoni ya lita 20 ya mafuta kwenye keria kama kilo 15. Hizo ni 410. Umeshapita, na bado muuzaji anakuapia kwamba hizo zinabeba hata gari.

Urefu nao hakuna anayeuliza. Mlango wa pikapu nyingi ukiwa wazi uko kama sentimita 85 kutoka chini, na zilizoinuliwa springi zinazidi hapo. Rampu ya mita 1.5 inakupa mwinamo wa karibu nyuzi 35. Mwinamo huo unalaza uzito wote nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, ukiongeza mafuta kwa kishindo kwadi inainuka na kukuangukia kifuani. Ya mita 2.4 inashusha mwinamo mpaka kama nyuzi 21. Lakini watu wananunua fupi kwa sababu inalala vizuri kwenye bodi! Basi kama ndefu huna, tafuta ardhi ya kukusaidia. Katanga hii tutakosa vichuguu? Vimejaa njia nzima, vingi vimeshakatwa ubavu kwa ajili ya matofali. Rudisha pikapu hapo, kwadi ipite juu ya ukingo, rampu inalala karibu sawa.

Wanaotumia mbao za ujenzi zilizonyeshewa, na tairi zina yale matope mekundu ya Januari, sina hata la kuwaambia. Acheni.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba ile kwadi ina winchi mbele. Nzima, inafanya kazi, nimeifunga mimi. Ungepeleka kebo mpaka kichwa cha bodi, ukasimama pembeni na swichi yako mkononi, ikajivuta polepole bila mtu juu wala mtu nyuma. Patron alikuwa na haraka.

Waambieni vijana wenu: ukiitwa kushika rampu, kataa, hata kama anayekuita ni mkubwa wako. Kaa pembeni, mbali. Pikapu iwekwe hendibreki, iwe kwenye gia, na mawe chini ya magurudumu, kwa sababu nayo husogea. Anayepandisha avae kofia ngumu, atumie gia nzito na magurudumu yote manne, aegemee mbele, aende mwendo mmoja. Ikishafika juu ifungwe pembe zote nne kabla ya kuondoka.

Na wewe patron, najua uzi huu utakufikia. Ulitoa pesa ya kumfikisha hospitali, kisha simu yako haipokelewi. Picha za mfupa na plasta tumelipa mimi na mama yake, anayeuza mboga. Njoo umalize deni lako.

Wachomeaji wa Katuba na Ruashi, kama yupo anayetengeneza rampu ndefu zenye masikio ya kufungia mikanda, aweke picha na bei hapa. Kwa upande wangu, kuanzia leo kwadi ikiletwa gereji kwangu kwenye pikapu isiyo na mikanda ya rampu, hakuna kijana wangu atakayesogea kuishusha. Irudi nayo ilikotoka.