Kuku kwenye jiko la gesi la nje: moto wa chini moja kwa moja, moto wa pembeni, au kuchemsha kwanza?

Mgeni_wa_Gesi
Habari wakuu. Miaka yote nimechoma kwa mkaa, sasa nina jiko la gesi la nje, vichomeo vitatu na mfuniko. Jumamosi nilipanga mapaja ya kuku, nikawasha vyote vitatu hadi mwisho. Dakika kumi tu, ngozi nyeusi tii. Nikakata karibu na mfupa: nyama mbichi kabisa. Iliniuma, kwa sababu watu walikuwa wamekaa wanasubiri na ikabidi nirudishe kila kitu ndani kwenye sufuria.

Nimepewa ushauri wa aina tatu, na kila mtu anaapa wake ndio wenyewe:
1. Juu ya moto moja kwa moja, ila moto uwe mdogo.
2. Moto upande mmoja, kuku akae upande usiowashwa, mfuniko umefungwa.
3. Kuchemsha kwanza, jiko la nje liwe la kumalizia tu.

Ninyi mnaochoma kwa gesi mara kwa mara, mnafanya ipi?

Bi_Kolezo
Pole sana ndugu yangu. Kwa mapaja, namba 2, sina shaka hata kidogo.

Paja ni nene na lina mfupa, kwa hiyo joto linachukua muda kufika ndani. Ngozi nayo ina mafuta, iko karibu na moto, haina subira. Ukiwasha vyote vitatu kuku hana pa kukimbilia. Mimi nawasha vyote, nafunga mfuniko dakika 10 hadi 15 mpaka wavu upate moto sawasawa. Nausugua, kisha nazima viwili. Mapaja yanakaa upande uliozimwa, ngozi juu, nafunga mfuniko na kurekebisha kile kichomeo kimoja mpaka joto la ndani likae kati ya nyuzi 180 na 200. Hapo jiko limekuwa oveni. Nayaacha nusu saa na zaidi kidogo, kutegemea ukubwa, na mfuniko siufungui ovyo, maana kila ukifungua joto lote linatoka.

Yakikaribia kuiva ndipo nayahamishia juu ya moto, dakika mbili tatu, ngozi chini. Utasikia ile sauti ya mafuta yakichachatika, na ngozi inakauka na kuwa rangi ya kahawia badala ya nyeusi.

Mzee_Koleo
Nakubaliana na dada hapo juu kwa mapaja, lakini namba 1 msiizike. Minofu myembamba, mishikaki, mboga, samaki, vyote hivyo ni vya moto wa moja kwa moja. Ukiviweka pembeni vitakauka kabla havijapata rangi. Kipimo changu: kinachoiva ndani ya dakika 20 kiende juu ya moto, kinachozidi hapo kianzie pembeni.

Na samaki, kwa kuwa wengi wanalalamika ananata: mkaushe kwa kitambaa, mpake mafuta yeye mwenyewe, wavu uwe wa moto kwelikweli, halafu usimguse. Ingiza koleo polepole, ukiona bado ameshika mwache. Akishaiva upande ule anaachia mwenyewe. Wanaomchana ni wale wanaomgeuza kila dakika.

Jogoo_Mkongwe
Namba 3 mnaipita haraka mno. Kuku akiwa mzee na mgumu, hilo oveni lenu halimlainishi, litamkausha tu. Huyo anataka maji, moto wa taratibu na muda. Mimi namchemsha na chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, namkausha vizuri, kisha anaenda kwenye wavu kupata rangi na moshi. Na supu inabaki.

Bi_Kolezo
@Jogoo_Mkongwe kwa kuku mgumu umesema kweli, napokea. Ila kwa kuku laini ni hasara, ladha yote inabaki kwenye maji. Na jambo moja tafadhali: ukishamchemsha nusu, atoke sufuriani aende motoni papo hapo. Kumwacha nusu mbichi saa kadhaa ni kuwakaribishia bakteria.

Kwa njia yoyote ile, pateni kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Kuku ni nyuzi 74, sehemu nene kabisa, bila kugusa mfupa. Kile cha kwenye mfuniko kinapima hewa ya juu tu, hakijui kilicho ndani ya paja.

Fundi_Mtungi
Naongeza ya usalama. Mfuniko uwe WAZI wakati wa kuwasha, gesi isijikusanye ndani. Mtungi ufungue taratibu: baadhi ya regyuleta zina kinga ya kuvuja, ukifungua kwa pupa inabana gesi na moto unakuwa dhaifu hata ukizungusha hadi mwisho. Ikitokea, funga kila kitu, subiri kidogo, anza upya polepole. Maungio yapakeni povu la sabuni, likitoa mapovu kuna uvujaji.

Mafuta yakilipuka moto, hamishia nyama upande uliozimwa na punguza gesi. Msimwagie maji, yanarusha mafuta yanayowaka. Na jiko hili ni la nje, hata mvua ikinyesha lisiingizwe ndani.

Mgeni_wa_Gesi
Wakuu, nimerudi. Jana nimefuata namba 2 hatua kwa hatua. Dakika 38 pembeni, tatu juu ya moto, kipimajoto kikasoma 76. Nimekata karibu na mfupa, maji yake meupe, nyama imeachia. Nimefurahi sana. Swali la mwisho: mchuzi wangu wa kupaka una asali, niliupaka mwanzoni, ukaungua sehemu sehemu. Nifanyeje?

Bi_Kolezo
Hongera! Asali inaungua upesi, ipake dakika kumi za mwisho, kuku akiwa bado pembeni. Safu nyembamba, funga mfuniko, kisha rudia mara moja. Na juu ya moto mpitishe tu, usimwache hapo.