Naomba ushauri: mashine ya kukuzia picha ya mtumba, Meopta Opemus 6

Habari zenu wakuu. Kuna studio ya zamani hapa Tanga inafungwa, na mwenyewe anauza Opemus 6, ile ya Chekoslovakia. Nina negativu za marehemu baba, za milimita 35 na za sentimita 6 kwa 6. Nataka kuzichapa picha kwenye karatasi mwenyewe, nyeusi na nyeupe tu.

Kondensa, vile vioo vya kukusanya mwanga wa taa, hazina ufa. Tatizo lenzi: nikiimulika kwa tochi naona nyuzinyuzi za kuvu, unyevu wa pwani huo. Inasafishika, au niachane nayo? Najua 35 inataka lenzi ya milimita 50 na 6 kwa 6 inataka 80, ila mfuko unaruhusu moja. Nikitumia 80 kwa zote, picha za 35 zitatoka ndogo, sawa, lakini kuna ubaya mwingine?

Halafu tulipoijaribu, kona moja haikukaa kwenye fokasi, nyingine zote kali. Mnanyooshaje kichwa chenye taa na lenzi na ubao wa chini wa kuwekea karatasi vikae sambamba? Nina pimamaji tu. Na umeme wetu huu wa kupanda na kushuka, stebilaiza ya friji itatosha kwa taa yake?